Kuhamia Guam na watoto: yeye anahamia melini, kisiwani unahamia wewe

Naandika kwa mwenzangu ambaye mumewe yuko katika jeshi la wanamaji la Marekani, amepewa uhamisho wa Guam, kisiwa cha Marekani katika bahari ya Pasifiki, na sasa anajiuliza aanzie wapi. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi. Tulitoka Norfolk, Virginia, mwaka 2022 na watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Kuna neno moja ambalo ningelijua kabla ya kufunga sanduku la kwanza lingeniokoa na mengi: mume wako anahamia melini. Anayehamia kisiwani ni wewe. Kwa hiyo kila jambo mlilopanga kwa maneno ya "hilo atalishughulikia baba watoto", lipangeni upya. Siku litakapohitajika atakuwa baharini, na simu haitaingia.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 540 hivi, kama theluthi moja ya Unguja, na watu wake ni takriban 154,000 kwa sensa ya 2020. Kiko chini ya Marekani tangu 1898. Pesa ni dola, posta ni ile ile ya Marekani, umeme ni ule ule, kwa hiyo pasi yako ya Virginia itafanya kazi. Kituo cha wanamaji kiko kusini magharibi, kwenye bandari ya Apra. Kambi ya jeshi la anga, Andersen, iko kaskazini kabisa. Hakikisha mnajua mnaenda ipi kabla ya kutafuta nyumba au shule.

Makaratasi yaanze siku ile ile hati ya uhamisho inapotoka. La kwanza ni vipimo vya familia nzima: daktari, meno, na mahitaji ya watoto shuleni. Bila vipimo hivyo kupita, familia haipewi kibali cha kuingia, na mume anaweza kutangulia peke yake. Usifiche ugonjwa wa mtoto ukidhani utawazuia. Hospitali ya wanamaji ya Guam ni nzuri, lakini wataalamu wa baadhi ya maradhi hawapo, na mgonjwa husafirishwa hadi Hawaii au mbali zaidi. Ni afadhali jambo hilo lijulikane mkiwa bado nchi kavu.

La pili ni hati ya uwakilishi. Nendeni wote wawili kwa ofisi ya sheria ya kambini, haina malipo, mume akupe mamlaka kwa maandishi. Msichukue ile ya jumla tu, kwa sababu benki na ofisi nyingine huikataa. Takeni inayotaja jambo kwa jina lake: kupokea mizigo, kupokea gari, kusaini nyumba, kushughulikia kodi. Yangu ilitaja mizigo na nyumba, gari haikulitaja. Gari lilipofika bandarini mume wangu alikuwa safarini, nikalitazama kupitia wavu kwa siku 11.

Kama bado hujapata uraia, hili linakuhusu sana, na wake wengi kutoka kwetu wanalihofia bure. Kwa sheria ya uhamiaji Guam ni Marekani. Siku unazokaa kule zinahesabiwa kama za ukaazi, na Hagatna, mji mkuu, kuna ofisi ya uhamiaji ya serikali kuu. Lakini ukipanda ndege kutoka Guam kwenda Honolulu utapita mbele ya maafisa wa mpakani kama mtu anayetoka nchi ya nje. Kwa hiyo grini kadi na pasipoti ya Kenya au Tanzania zikae kwenye mkoba wako siku zote, na tarehe zake uziangalie sasa. Ubalozi wetu hauko karibu.

Siku ya kufungasha, chagua choo kimoja. Weka humo pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi za chanjo, hati ya uhamisho, dawa, chaja, na nguo za kila mtu za wiki 3. Funga mlango, bandika karatasi yenye herufi kubwa: USIGUSE. Wafungashaji hufanya kazi haraka na hawaulizi. Faili langu la vyeti lilikuwa juu ya meza ya jikoni, nikaenda kumnawisha mtoto, niliporudi meza yenyewe ilikuwa imeshafungwa. Vyeti vile vilivuka Pasifiki kwa meli, na uandikishaji wa shule ukasubiri nakala niliyoletewa kwa barua pepe na wifi yangu aliye Nairobi.

Mizigo mikubwa yetu ilichukua siku 74. Kuna mzigo mdogo unaoruhusiwa kutangulia kwa njia ya haraka; humo tia sufuria mbili, mwiko, mashuka, vitabu vya watoto, na kile kitu kimoja ambacho kila mtoto hulala nacho. Ofisi ya nyumba huazima vitanda, meza na viti hadi vyako vifike. Hotelini mtalipiwa posho ya malazi ya muda, lakini kwa risiti. Kila karatasi itunze kwenye bahasha. Makoti ya baridi gaweni kabisa, isipokuwa moja la safari. Gari hulipiwa moja tu, na chumvi ya bahari italila kama inavyokula mabati ya Mtwapa, kwa hiyo msipeleke jipya. Barabara nyingi mwendo ni maili 35 kwa saa, na lami yao imechanganywa na mawe ya matumbawe: ikinyesha inateleza kama sabuni. Paka au mbwa ana kazi yake ya peke yake. Guam haina kichaa cha mbwa, na wanailinda hali hiyo kwa ukali. Chipu, chanjo mbili na kipimo cha damu vianze miezi mingi kabla, la sivyo mnyama atakaa karantini hadi siku 120.

Nyumba nyingi ni za zege tupu, paa na kuta. Zilianza kujengwa hivyo baada ya kimbunga Karen cha 1962 kubomoa zile za mbao. Adui wa ndani ni ukungu. Usisukume kabati likagusa ukuta, viatu vya ngozi visikae sandukuni, na mashine ya kukausha hewa nunua wiki ya kwanza kabla ya kununua kitu kingine chochote. Khanga zangu nilizozifungia kwenye begi zilitoka na madoa meusi ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa.

Sasa kimbunga. Hapa nitakaa kidogo.

Guam hutangaza hali ya utayari kwa namba, kutoka 4 hadi 1. Namba 4 ni ya kila siku, kwa sababu kimbunga kinaweza kuja mwezi wowote. Ikitangazwa 3, upepo wa kuharibu unatazamiwa ndani ya saa 48; 2 ni saa 24; 1 ni saa 12. Mke wa mwanamaji anapaswa kujua kitu ambacho hakiandikwi kwenye kikaratasi cha maelezo ya namba hizo: namba ikianza kushuka, meli huondoka. Meli iliyofungwa gatini hupigwa na mawimbi ikavunjika, kwa hiyo zinazoweza kusafiri hupelekwa bahari kuu, mbali na njia ya dhoruba. Maana yake ni kwamba siku ambayo ungemtaka mume nyumbani kuliko siku nyingine zote ndiyo siku anayoondoka.

Mei 2023 kilikuja kimbunga Mawar. Mume wangu alibeba begi lake asubuhi, akawabusu watoto, akaenda. Nilikuwa na jirani Mfilipino ambaye mumewe alikuwa meli ile ile, na tulifanya kazi zetu pamoja nyumba hadi nyumba. Tulijaza maji bafu, ndoo, mapipa ya taka mapya, hata sanduku la plastiki la vichezeo. Tuligandisha chupa za maji ili friji ikae na baridi. Tuliingiza ndani baiskeli, vyungu vya maua, trampolini tukaifungua vipande vipande, maana upepo ule hugeuza kiti cha plastiki kuwa jiwe la kombeo. Tulijaza mafuta gari, tukatoa pesa taslimu, tukapika wali na maharage sufuria kubwa kabla umeme haujakatika. Kisha nikatandika magodoro kwenye ujia usio na dirisha.

Usiku wa tarehe 24 upepo ulilia kwa sauti moja isiyopumzika, na maji yaliingia chini ya mlango wa mbele kana kwamba mtu anayamimina na jagi. Nilikuwa nimejaza taulo pale. Nilizikamua, nikazirudisha, nikazikamua, nikazirudisha, hadi alfajiri. Mwanangu mkubwa alishika tochi bila kusema neno. Asubuhi miti yote iliyosimama haikuwa na jani. Siku 3 bomba lilikuwa kavu, na yalipotoka tuliambiwa tuchemshe kwanza. Kwa hiyo ninapokuambia weka galoni za maji stoo tangu wiki ya kwanza, pamoja na jiko la gesi la mkononi na mitungi yake, sikuambii kwa sababu nimesoma mahali. Na mtafute jirani yako kabla namba haijaanza kushuka.

Watoto watasoma ndani ya kambi, shule za wizara ya ulinzi. Ya wanamaji imepewa jina la William McCool, mwanaanga aliyefariki kwenye chombo cha Columbia mwaka 2003, aliyewahi kusoma Guam alipokuwa mtoto. Mwanangu alianza kupenda shule siku aliposikia habari hiyo. Jambo lililomshangaza zaidi lilikuwa msituni. Tulipotembea mara ya kwanza aliniuliza, "Mama, ndege wako wapi?" Hakuna. Nyoka wa kahawia wa mitini waliletwa na shehena baada ya vita vya pili vya dunia, wakamaliza karibu ndege wote wa asili wa msitu. Mtoto aliyezoea kunguru na chiriku huhisi kimya kile, kwa hiyo mweleze mapema.

Nakusihi usiishi kati ya duka la kambini na nyumba yako. Wake wengi hufanya hivyo miaka yote, kisha husema Guam inachosha. Toka getini. Jumamosi asubuhi nenda soko la Dededo, utakuta mihogo, majimbi, ndizi za kupika, pilipili, papai, na mashelisheli. Ndiyo, mashelisheli yale yale ya kwetu, wao huyaita lemmai. Nilinunua manne, nikayakaanga usiku ule, na nyumba ikanuka Kilifi.

Huko sokoni nilifahamiana na mama mmoja Mchamoro, yaani mwenyeji wa asili wa Guam, wa kijiji cha Santa Rita. Huko mtu mzima huitwa Auntie, kama sisi tunavyosema mama fulani. Mtoto humsalimu mkubwa kwa kuushika mkono wake na kuuinamia hadi puani. Wanangu, waliofunzwa shikamoo, walijifunza kwa siku moja. Aliponikaribisha kwake aliburuta kutoka chini ya meza kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele. Nilipiga ukelele. Ilikuwa mbuzi! Wao huiita kamyo. Alikalia, akakandamiza kifuu kwa viganja viwili, akakizungusha polepole kutoka ukingoni kuja ndani, na nazi ikaanguka nyeupe kwenye bakuli. Nikamwomba zamu. Aliniangalia nikikuna, akaita binti zake waje waone. Siku ile nilikamua tui kwa mikono, nikapika wali wa nazi, yeye akapika kuku kwa ndimu, nazi na pilipili.

Ni yeye aliyeniambia kuhusu Sumay. Kilikuwa kijiji kikubwa palipo kituo cha wanamaji leo. Baada ya vita watu wake hawakuruhusiwa kurudi, wakawekwa Santa Rita, mlimani, wanakotazama kwao kwa chini. Makaburi yako ndani ya kambi hadi leo, na mara moja kwa mwaka kuna siku maalumu ya wenyeji kurudi kuyatembelea. Sisi watu wa Pwani tunajua kutazama ardhi ya babu kupitia uzio. Wewe utapita lango lile kila siku kwa kadi ya mume wako, kwa hiyo siku yao ikifika waheshimu, na waeleze watoto wako wanakanyaga wapi.

Kuhusu nyumbani, utafurahi. Guam iko mbele ya Kenya kwa saa 7. Norfolk nilimkosa mama kila siku, huku usiku, kule alfajiri. Guam, watoto wakimaliza chakula saa 2 usiku, Kilifi ni saa 7 mchana, mama amekaa barazani baada ya kula. Ukitaka aje akutembelee, jua kwamba ule msamaha wa viza wa Guam haujumuishi Kenya wala Tanzania, kwa hiyo aombe viza ya kawaida ya Marekani, na ombi lianze kabla hata hamjafunga mizigo. Wangu alikuja mwaka wa pili. Wiki ile ile nilimpeleka Santa Rita, nikawaacha wawili wale na nazi kumi na mbuzi moja, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, nikaenda kuwachukua watoto shuleni.