Kuamsha na kulaza mbegu ya viazi kati ya misimu miwili ya Kivu

Mbegu ya viazi mviringo, yaani viazi vilivyotunzwa kwa kupandwa, ikigoma kuota mwezi wa pili, si lazima iwe mbovu. Huenda bado imelala. Na ile inayotoa nyuzi nyeupe ndani ya gunia mwezi wa nane haina uchawi wowote, imeamka kabla yako. Kwa wakulima wa kandokando ya Goma, mashariki mwa Kongo, tatizo ni kalenda. Anayevuna msimu A, ule wa kupanda Septemba, mwisho wa Desemba au Januari ana wiki sita hadi nane tu kabla ya kupanda tena. Anayevuna Juni husubiri mpaka Septemba. Kiazi hakijui kalenda hiyo, kinafuata homoni zake.

Kiazi huanza kulala kikiwa bado udongoni, tangu kinapoanza kuvimba. Kinacholaza macho yake, yaani sehemu zinazotoa chipukizi, ni homoni iitwayo asidi abisisiki. Ethilini, homoni iliyo gesi, husaidia mwanzoni, kisha asidi hiyo ndiyo inayoendeleza usingizi. Baada ya kuvuna hupungua polepole, na macho huanza kuitikia saitokinini, homoni inayoruhusu seli zigawanyike tena. Hapo jicho huvimba kidogo. Homoni ya jiberelini huja kurefusha chipukizi. Homoni ya oksini hutoka kwenye chipukizi la kileleni, upande ulio kinyume na kikonyo kilichounganisha kiazi na mmea, na kuyazuia macho mengine yasiote. Ndiyo sababu mbegu changa hutoa chipukizi moja tu.

Muda wa kulala hutegemea aina: nyingine wiki chache, nyingine miezi mitatu. Kiazi kidogo hulala zaidi kuliko kikubwa, na kilichovunwa kabla ya kukomaa hulala zaidi kuliko kilichokomaa. Joto na ukame shambani hufupisha usingizi. Joto la ghalani nalo hufupisha, kwa hiyo mbegu iliyowekwa Goma, mita 1,500 hivi, huzeeka mapema kuliko ile iliyobaki kwenye vilima vya Masisi vinavyopita mita 2,000. Mwenye shamba juu asiteremshe mbegu mapema bila sababu. Kwa mbegu ya Juni, kubaki kwenye baridi ya juu ni akiba, kwa mbegu ya Januari ni kuchelewa.

Kwanza ponya ngozi. Wiki mbili za mwanzo, weka viazi mahali penye kivuli, hewa na unyevu kiasi, visiloe. Tenga vilivyokatwa na jembe, maana jeraha huharakisha kuota na kufungua mlango wa uozo.

Mbegu ya Juni ipange kwenye vichanja vya mbao, tabaka mbili, zisizidi tatu. Paa litoke nje ili jua lisipige moja kwa moja, lakini mwanga ufike kila kiazi. Mwanga huzuia chipukizi kurefuka. Linganisha mwenyewe: lililokua gizani ni jeupe, jembamba kama uzi, hukatika ukiligusa. Lililokua kwenye mwanga hafifu ni fupi na nene, kijani au zambarau, na chini yake vimeanza vinundu vya mizizi. Hilo la sentimita moja au mbili ndilo la kupanda. Kagua kila wiki, utoe vilivyooza, na uangalie vidukari wanaosambaza virusi na nondo anayetoboa macho. Viazi vilivyogeuka kijani usivile, vina solanini.

Mbegu ya Januari inahitaji kuamshwa. Njia rahisi ni kuiweka gizani kwenye joto la nyuzi 18 hadi 25, chini ya nyasi kavu zinazopitisha hewa, kisha kuitoa mwangani mara tu macho yanapovimba. Wengine huweka ndizi mbivu karibu kwa ajili ya ethilini. Siku mbili au tatu zinatosha, kwani ethilini ikiendelea kwa muda mrefu huzuia chipukizi kurefuka.

Dawa ya jiberelini ni kali zaidi. Kwa viazi vizima hutumika miligramu 5 hadi 10 kwa lita. Soma lebo: gramu 1 ya unga wenye asilimia 10 ina miligramu 100, hivyo kwenye bidoni ya lita 20 inatoa miligramu 5 kwa lita. Iyeyushe kwanza kwenye alkoholi kidogo, maji peke yake hayaiyeyushi vizuri. Nyunyiza badala ya kuchovya viazi vyote kwenye ndoo moja, maana kiazi kimoja chenye ugonjwa wa mnyauko bakteria huambukiza maji yote. Ukizidisha, utapata machipukizi marefu, mepesi na mashina dhaifu. Kosa hilo ni la kawaida, na halirekebishiki.

Chipukizi la kileleni likitoka peke yake, livunje kwa kidole. Oksini yake ikiondoka, macho mengine huota baada ya wiki mbili hivi, na shina moja huwa matatu au manne. Fanya hivyo mara moja tu. Kila kuvunja huchukua chakula cha kiazi, na mbegu iliyovunjwa mara nyingi huishia kutoa nyuzi nyembamba au vijiazi vidogo bila kuota.

Dawa za kuzuia kuota za viazi vya kula, kama kloroprofamu, zisikaribie ghala la mbegu kabisa. Masalia kwenye mbao yanatosha kuizuia mbegu isiote.