Kubadilisha intakula ya Prado ya dizeli mwenyewe hapo nyumbani

Kama una Prado ya dizeli yenye injini ya 1KD, ile ambayo boneti yake ina mdomo wa kuvuta upepo, kutoa intakula (intercooler, kile kipoozeo cha hewa ambayo tabo, yaani turbo, inaisukumia injini) na kuweka nyingine ni kazi ya mchana mmoja tu na wala hulali chini ya gari. Hilux Vigo ya 3.0 nayo ni hivyohivyo, intakula imelala juu ya injini kama sinia, ukifungua boneti ndo kitu cha kwanza unakutana nacho. Wenye Navara na Ranger ambazo boneti haina mdomo huo poleni, zenu ziko mbele kule jirani na rejeta mpaka ushushe bampa, kazi ni ileile ila jasho lake lingine.

Yangu ilianza kunizingua pale Kitonga. Tumetoka Ruaha Mbuyuni na gunia la vitunguu nyuma, mlima ndo kwanza umeanza gari ikawa nzito kama tumevuta trela, nyuma moshi mweusi tititi, nikikanyaga nasikia fsssss kama mtu anafungua soda halafu nguvu hakuna, lori la mbao likanipigia honi nilipishe njia, mlimani! Kesho yake fundi mmoja kasikiliza dakika mbili kaniambia tabo imekufa niandae hela. Haikuwa tabo. Ilikuwa intakula imepasuka mstari mdogo kama unywele, na sehemu yote ya kuzunguka ule mstari ilikuwa na oili iliyoganda na vumbi.

Kinachotokea ni hivi. Tabo inaibana hewa kabla haijaingia kwenye injini, na hewa ukiibana inapata moto, aliyewahi kujaza tairi ya baiskeli kwa pampu ya mkono anajua ile pampu inavyochemka kule mwishoni. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo ndani ya silinda inaingia kidogo. Kazi ya intakula ni kuipoza ili iingie nyingi. Sasa ikitoboka, hewa inatokea njiani wakati dizeli inamwagwa kama kawaida, haiungui yote, ndo huo moshi. Ukichomeka kifaa cha kusoma kodi, zile namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, gari nyingi zitakupa P0299, yaani presha ya tabo iko chini, na hapo ndipo mafundi wengi wanakimbilia kuuza tabo bila kuangalia njia ya hewa.

Kwa hiyo kabla hujaenda Gerezani Kariakoo kununua chochote, angalia hosi na klipu kwanza. Mara nyingi kosa liko hapo, hosi ya mpira imechanika kwa chini ambako huoni, au klipu imelegea. Pitisha kidole chini ya kila hosi, ukitoka na uchafu mweusi wa mafuta mafuta hapo ndo pa kuangalia. Mfanye mtu akanyage eksileta gari ikiwa imesimama wewe unasikiliza, ila kanzu, tai na mikono mirefu weka mbali na feni.

Haya tuseme umejiridhisha ni intakula. Acha injini ipoe, ipoe kweli, lisaa limoja si jingi maana bomba linalotoka kwenye tabo linaunguza vibaya. Vifaa ni soketi namba 10 na 12, racheti na kiunganishi kirefu, bisibisi, plaizi, taa, vitambaa safi. Toa ile kava ya plastiki ya juu. Ukikuta sponji au mpira unaozunguka intakula kwa juu usiutupe jamani, nimeona gari nyingi hazina! Ule ndo unabana na boneti ili upepo wa ule mdomo upite katikati ya mapezi ya intakula, bila huo upepo unapita pembeni unaenda zake na intakula hata iwe mpya haipozi kitu.

Piga picha kwa simu kabla hujagusa. Halafu legeza klipu za hosi zote mbili, ya kutoka kwenye tabo na ya kwenda kwenye injini, zisogeze nyuma. Hosi zikigoma usizichokonoe na bisibisi, utazitoboa na utakuwa umejitengenezea safari nyingine ya Kariakoo, zishike kwa mkono uzizungushe kushoto kulia mpaka ziachie. Kama kuna sensa au kijihosi chembamba kimechomekwa hapo kichomoe kwa adabu, plastiki za gari za 2004 zimekauka zinavunjika kama biskuti. Mwisho fungua bolti zinazoshika intakula, sio nyingi, ila ya nyuma kule karibu na ukuta wa injini ndo itakayokutukanisha, tumia kile kiunganishi kirefu na ukiweza gandisha bolti kwenye soketi na selotepu isidondoke. Nyanyua intakula ikiwa imelala sawa maana ndani yake kuna oili.

Hapohapo, kabla hujafanya lolote, ziba midomo ya mabomba yaliyobaki wazi. Hili nalisisitiza kuliko yote. Nati moja ikidondoka kwenye bomba la kwenda injini, injini inaimeza na hapo tunaongelea hela nyingine kabisa. Ila usizibe na vitambaa vidogo vidogo, utakuja kusahau kimoja. Mimi nilichukua kanga kuukuu nyekundu nikaichana vipande viwili vikubwa, kila kimoja kinaning'inia nje nusu mita, huwezi kufunga ukakisahau kitu cha namna ile. (Haikuwa kuukuu kumbe. Yameisha lakini.)

Sasa ile uliyoitoa hakikisha kweli ndo mbovu. Fanya kama fundi pancha anavyotafuta tundu kwenye tyubu. Mdomo mmoja ziba na kifuniko cha bomba la PVC kilichobanwa na kipande cha hosi na klipu, mdomo wa pili weka kifuniko kama hicho ila ukitoboe uweke valvu ya tairi. Zamisha kwenye beseni kubwa, jaza upepo taratibu usivuke 15 psi, na usiegemeze uso mbele ya kile kifuniko maana kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati. Yangu mapovu yalitoka mstari mzima kwenye kona pale tangi la pembeni linapokutana na mapezi.

Kuhusu oili utakayoikuta ndani: utando mwembamba usikutishe, mvuke wa injini unapita njia hiyohiyo, ni kawaida. Ila ukiinamisha ikatiririka kikombe kizima hapo kweli iangalie tabo, na usiwashe gari na oili ile imo, injini ya dizeli inaweza kuunguza hiyo oili yake yenyewe ikapanda mizunguko na ukizima swichi haizimiki. Na kama tabo yako iliwahi kupasuka huko nyuma, usihangaike kuosha intakula ya zamani, vipande vya chuma vinajificha kwenye vile vijia vyembamba halafu siku moja vinaachia. Weka nyingine tu.

Ukinunua ya mtumba, itikise karibu na sikio, ikilia kachakacha irudishe. Angalia maungio, kama matangi ni ya plastiki pale yanapobanwa na alumini, kama ni alumini tupu angalia alama za weldingi. Ukiona imepakwa silikoni mahali ujue mwenzio ameshahangaika nayo. Halafu ioshe: mafuta ya taa kwanza, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke masafi, kisha maji ya moto na sabuni, kisha ianike juani siku nzima huku unaigeuza. Mafuta ya taa yafanyie nje mbali na jiko, na usiifunge bado ina unyevu au inanuka mafuta.

Kufunga ni kurudi ulikotoka, ila kuna jambo linawaangusha wengi. Hosi inachomoka baada ya wiki mtu anasema klipu feki, kumbe aliiacha na oili ndani. Mpira wenye oili juu ya chuma chenye oili, ukija msukumo wa tabo unateleza tu. Futa ndani ya hosi na juu ya mdomo wa bomba mpaka kitambaa kitoke kikavu kisafi, na usipake grisi eti iingie kirahisi, kama inagoma lowanisha na maji kidogo. Isukume mpaka ifike kwenye ukomo, klipu ikae nyuma ya lile tuta la mdomo wa bomba, sio juu yake. Bolti zote anza na vidole kwanza, thredi za alumini ni laini ukizilazimisha na racheti unazila. Kaza za kutosha tu, hapa sio kwenye tairi. Gasketi au oringi kama ipo weka mpya.

Toa kanga zako. Hesabu.

Washa, acha inguruma dakika kadhaa bila kukanyaga, pitisha mkono kwenye maungio, halafu mtu akanyage kidogo kidogo wewe unasikiliza ile fssss. Ikiwa kimya futa kodi, nenda ukaijaribu kwenye mlima wowote ulio karibu gia ya 3. Moshi kidogo mwanzoni ni mabaki ya mafuta, ukiendelea baada ya kilomita kumi rudi kwenye klipu. Na hata kama iko poa, baada ya siku tatu nne fungua boneti ikiwa ya baridi ukaze tena, mpira ukishapata moto unakaa vizuri na klipu inabaki na nafasi. Ya kwangu upande wa tabo ilikubali nusu mzunguko mzima.