Waonjeshe wasomaji kurasa, si jalada peke yake

Mwandishi mwenzangu, ukitaka kitabu chako kisomwe, punguza kubandika picha ya jalada na maneno "kimetoka, kinunueni". Mtu anayeperuzi simu hajui kuna nini ndani, na jalada halimwambii. Mpe aya mbili tatu za kitabu chenyewe. Chagua pale ambapo mambo yameshaanza kuchemka: dada anafungua barua isiyo yake, anautambua mwandiko, mara mlango unagongwa. Kata hapo hapo. Chini yake weka kiungo kimoja tu cha kununulia. Ukiweka vinne, msomaji anaahirisha kuchagua na hatarudi tena. Kama kitabu ni cha maarifa, jibu swali moja kikamilifu, mtu aondoke na kitu hata asiponunua.

Usiwaingize watu kwenye makundi ya WhatsApp bila kuwauliza, wala usidandie mjadala wa kitabu cha mwingine ili utangaze chako. Inakera mno, na watu hawasahau.

Maoni ya wasomaji yana nguvu kuliko tangazo lolote, ila lazima yawe ya kweli. Amazon, kwa mfano, hairuhusu maoni ya kulipwa wala ya ndugu wa mwandishi, na ikiyabaini huyaondoa. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu andika ombi fupi: aliyemaliza aseme alivyokiona, kizuri au kibaya. Akikosoa, usibishane naye hadharani.