Kabla hujamtetea mheshimiwa wa chama chako kwenye skendo ya ngono, fanya hivi kwanza

Aisee naandika hii nikiwa hapa Moshi, na naandika kwa uchungu kwa sababu wiki mbili zilizopita grupu letu la ukoo lilichafuka vibaya. Kuna mheshimiwa mmoja, simtaji wala chama chake sikitaji, dada mmoja aliyekuwa anafuatilia kibali ofisini kwake kasema aliambiwa kibali kipo tayari ila aje kukichukua jioni, peke yake. Basi nusu saa haijaisha wale wa chama chake wanauliza huyo dada kalipwa shilingi ngapi, na wale wa upande wa pili ambao mtu wao alipotajwa mwaka jana walikaa kimya kabisa, ndio wakawa wa kwanza kudai mheshimiwa ajiuzulu. Na mimi nilishaanza kuandika utetezi, nimefika mstari wa tatu, nikasimama nikafuta. Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu, huu hapa.

Kitu cha kwanza andika msimamo wako sasa hivi, wakati hakuna skendo yoyote. Chukua daftari, andika ni mambo gani kiongozi akiyafanya humpigii kura tena hata awe wa kwenu, weka na tarehe. Usiseme unayo kichwani, ya kichwani yanahama na mwenyewe usijue. Marekani mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya PRRI iliuliza watu kama kiongozi aliyefanya jambo chafu kwenye maisha yake binafsi anaweza bado kufanya kazi ya umma kwa uadilifu, Wazungu wa makanisa ya kiinjili waliokubali walikuwa asilimia 30. Wakaulizwa tena mwaka 2016, safari hii mgombea wa chama ambacho wengi wao wanakipigia ni Donald Trump, wakakubali asilimia 72. Miaka mitano tu! Na hawa ni watu wa ibada, wengi wao sidhani hata walijiona wakihama, ndio maana nasema andika.

Cha pili, badilisha jina. Hapa ndipo nilipokamatwa mimi. Ile komenti yako usiitume kwenye grupu, jitumie mwenyewe, toa jina la mtu wako weka la yule wa chama kingine ambaye humpendi kabisa, halafu isome kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeandika "huyu ni mchapakazi, barabara yetu kaileta yeye, mambo ya chumbani tuwaachie wenyewe". Nilipoweka jina la yule mwingine nikaisoma, moyo ukakataa palepale, nikajua sikuwa natetea haki nilikuwa natetea rangi ya fulana. Fanya na kinyume chake pia, kama unataka kumsulubu wa upande wa pili, weka jina la wa kwenu uone kama bado unataka afukuzwe leo leo bila hata kusikilizwa.

Halafu tenganisha makosa, maana watu wanayachanganya kusudi ili yapite yote au yaangushe wote. Mtu mzima kutoka nje ya ndoa na mtu mzima mwenzake aliyeridhia, hiyo ni dhambi na ni aibu kwa familia, unaweza kumnyima kura kwa hiyo, ni haki yako. Kutumia kiti kupata mwili wa mtu ni kitu kingine kabisa, hiyo kwetu Tanzania ni rushwa ya ngono, iko kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 25, faini hadi milioni 5 au jela hadi miaka 3 au vyote. Kubaka au kugusa mtoto ni jinai nzito, hapo hakuna cha mchapakazi. Sasa angalia Wamarekani walivyochanganya kwa Rais wao Bill Clinton mwaka 1998, uhusiano wake na msichana wa ofisini ulipofumuka. Watu wa chama chake walisema ni mambo binafsi, wakati Monica Lewinsky alipoanza naye alikuwa na miaka 22, yuko mafunzoni ofisini kwa mkubwa wa nchi nzima. Na waliomshtaki bungeni je? Newt Gingrich aliyekuwa spika alikuja kukiri mwaka 2007 kwamba kipindi kilekile na yeye alikuwa na mwanamke nje ya ndoa. Bob Livingston aliyeandaliwa kurithi uspika, siku ileile ya kura ya kumshtaki Clinton akatangaza anaachia ngazi kwa sababu na yake yamefumuka. Akaingia Dennis Hastert, na huyo mwaka 2016 akahukumiwa miezi 15 jela kwa kutoa hela benki kidogo kidogo kukwepa sheria, hela za kumnyamazisha mtu ambaye Hastert alimdhalilisha kingono zamani, mtu huyo akiwa bado mwanafunzi na Hastert ni kocha wake wa mieleka. Yaani pande zote mbili hakuna aliyekuwa anauliza wale walioumizwa wako wapi.

Na hapo ndio pananiuma zaidi. Ukishika simu kukomenti, mtu wa kumfikiria wa kwanza ni aliyelalamika, yeye hana chama kwenye hili. Afrika Kusini, mwanasiasa Jacob Zuma alishtakiwa kwa ubakaji na mwaka 2006 mahakama ikamwachia, hilo liheshimiwe. Lakini kesi ikiendelea, nje ya mahakama wafuasi wake walichoma picha ya yule dada aliyejulikana kama Khwezi, mtoto wa rafiki yake Zuma wa kwenye mapambano ya kupinga ubaguzi wa rangi, na ile kanga aliyovaa usiku ule nyumbani kwa Zuma ikageuzwa hoja kwamba ndiyo alikuwa anamwita mzee. Kanga jamani! Mama zetu wanaamka nayo, wanapika nayo, wanapokea wageni nayo. Zuma mwaka 2009 akawa rais, Khwezi akakimbia nchi yake, akaishi Uholanzi, baadaye akaja kuishi hapahapa Tanzania. Kwa hiyo kumwachia mtuhumiwa haki yake ya kusikilizwa sawa kabisa, ila hilo halihitaji umchome mwenzake, unaweza kuandika "tusubiri ushahidi" na ukaishia hapo.

Swali la "mbona kasema sasa hivi karibu na uchaguzi" sio baya lenyewe, kura za maoni za ndani ya chama tunazijua, watu wanatengenezeana mambo kweli. Ila liulize kwa wote, na ukishauliza angalia kama kuna meseji, kuna shahidi, kuna mtu aliambiwa zamani. Ukilitoa likiguswa la kwenu tu, liache.

Na usidhani ukimkataa mtu wako umeuza chama. Marekani kwenye jimbo la Alabama, uchaguzi wa Desemba 2017, mgombea useneta Roy Moore alituhumiwa kuwaandama wasichana wadogo, yeye alikana, lakini wapiga kura zaidi ya elfu 22 waliandika majina mengine kwenye karatasi, na Moore akashindwa kwa tofauti isiyofika elfu 22. New York mwaka 2021 gavana Andrew Cuomo alituhumiwa kunyanyasa wanawake kingono, wakubwa wa chama chake wenyewe, mpaka Rais Biden, walimwambia aondoke, akaondoka. Sisi huku karatasi ya kura haina pa kuandika jina, ila kura za maoni zipo, vikao vya tawi vipo, semea huko mapema.

Kama unayemjua ndiye kaombwa, usimpeleke kwenye grupu. Mwambie asifute meseji, mpigieni TAKUKURU 113 bure, na kama kashikwa au kabakwa nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kwa mtoto piga 116. Picha zake usisambaze hata kwa nia ya kumtetea.

La mwisho wazee wetu. Usimbishie mzee mbele ya ukoo mzima, hatarudi nyuma hata akijua kakosea. Mimi Jumapili baada ya misa nilipanda Kibosho kwa baba mdogo, ndiye aliyeandika ile ya "kalipwa shilingi ngapi". Nikabeba sukari kilo mbili, shikamoo, marahaba, tukaongea ya migomba kwanza. Halafu nikamwonyesha daftari langu, nikamwambia baba mdogo naomba unisomee tu, ungekuwa huyo dada ni Upendo wetu anafuatilia kibali ungeandika nini. Alikaa kimya muda mrefu ameshika miwani mkononi. Akaniambia niache daftari, ataliangalia usiku. Bado liko kwake.