Kupiga Picha Kanisa la Misheni Lililoachwa, Nyanda za Juu Kusini

Wamoravian walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na Walutheri kutoka Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo. Mahali usharika ulipojenga kanisa jipya, la zamani wakati mwingine limebaki nyuma ya migomba, bati limeng'oka. Majengo ya namna hii hayasubiri. Tofali la kuchoma lililounganishwa kwa udongo linategemea lipu ya chokaa. Lipu ikibanduka, mvua inaosha udongo katikati ya matofali na ukuta unalala. Kwa hiyo piga picha kama mtu anayeandika kumbukumbu, si kama mtafuta mandhari tu.

Jengo lisilotumika bado lina mwenyewe. Nenda kwanza kwa mchungaji au paroko, kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji, siku mbili tatu kabla. Omba mzee wa kanisa akusindikize, kwa sababu yeye ndiye anayejua makaburi yasiyo na alama na sakafu iliyooza. Droni ni jambo jingine: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, ingawa Rungwe mvua hunyesha hata kiangazi. Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, basi madirisha ya kaskazini ndiyo yanayoleta miale ndani; Desemba linahamia kusini. Julai, Mbeya jua huchomoza karibu saa moja kamili. Ukungu ukikaa mlimani, usiondoke: mwanga wake laini unafichua maandishi na rangi ukutani kuliko jua kali.

Kabla ya kuingia, zunguka nje mara moja. Ufa mpana zaidi juu kuliko chini unaonyesha ukuta unaegemea nje. Ukuta uliotuna katikati ni mbaya vilevile. Usisimame chini yake. Boriti yenye njia za mchwa usiiamini hata ikionekana nzima, na usipande kwenye jukwaa la kwaya wala mnara wa kengele. Nyuki wakiingia na kutoka kwenye tundu la ukuta, tumia mlango mwingine. Vaa buti, na usitie mkono chini ya bati lililoanguka, kwani kifutu hulala hapo kimya na rangi yake haitofautiani na majani makavu. Kinyesi kikavu cha popo kinaweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu: vaa barakoa ya N95 (ya kitambaa haitoshi), usifagie, usiburute miguu.

Ndani tatizo kubwa ni madirisha meupe kabisa na pembe nyeusi kabisa. Weka kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, saa ya kuchelewesha sekunde 2, na uzime kitulizaji cha lenzi (kinachopunguza mtikisiko). Piga picha tatu bila kusogeza chochote: ya kawaida, ya giza zaidi kwa stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), na ya mwanga zaidi kwa stopu 2, ukibadilisha muda wa shata (kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia) pekee, kisha ziunganishe nyumbani. Kamera iwe sawa na upeo, kimo cha mita 1.4 hivi. Ukielekeza lenzi juu, nguzo zitaonekana zinaangukiana. Usitumie flashi, maana inafuta vivuli vinavyoonyesha umbile la lipu.

Mwenye simu ashone mfuko wa kitambaa, autie maharage robo tatu kilo na kuulaza kwenye dirisha lililo imara. Simu inazama humo bila kutikisika. Funga fokasi na mwanga visibadilike, kwa kubonyeza skrini muda mrefu.

Anza na kuta nne, kila moja kutoka mbele yake, ndipo uende kwenye madhabahu, bawaba, alama za tofali na majina yaliyochongwa. Kwenye vitu vidogo weka rula ya sentimita 15 kando, maana bila kipimo hakuna atakayejua ukubwa wake. Usihamishe benchi ili picha ipendeze: mahali lilipo ni sehemu ya ushahidi.

Kutoka kwenye baridi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa baada ya kuingia chumba chenye joto, la sivyo lenzi itatoa jasho. Usiku huohuo ziandike picha tarehe, kijiji na upande wa ukuta, nakili mara mbili, na nakala moja mpelekee mchungaji.