Kutembelea chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi: panga siku kwa saa za viboko

Chemchemi za Mzima zimo ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, Kenya, takriban kilomita 48 kutoka lango la Mtito Andei kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Ni mojawapo ya sehemu chache mbugani ambapo unaruhusiwa kushuka garini na kutembea kwa miguu. Wengi hufika saa sita mchana, wakazunguka nusu saa na kuondoka wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Tatizo ni saa waliyofika.

Malipo yafanywe kabla ya kuondoka nyumbani. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) halipokei pesa taslimu langoni. Unalipa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kwa M-Pesa au kadi. Piga picha ya risiti ibaki kwenye simu, maana mtandao ukikukatikia langoni utapoteza asubuhi yote. Raia abebe kitambulisho, la sivyo hatakuwa na cha kuonyesha kwamba anastahili kiingilio cha mwenyeji. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, kwa hiyo weka maji ya kunywa kwenye chupa ya chuma au mtungi mgumu, angalau lita 3 kwa kila mtu.

Lazima uwe na gari: matatu haziingii, na pikipiki pia haziruhusiwi. Reli ya SGR ya Nairobi–Mombasa ina kituo Mtito Andei, lakini treni inayosimama hapo huondoka Nairobi au Mombasa asubuhi, na ukishuka jua limeshapanda. Anayekuja kwa treni ni afadhali alale Mtito Andei, apatane na mwenye gari jioni ile ile. Barabara za ndani ni za murram na mawe makali ya volkano. Chagua gari lililoinuka, na kabla ya kuingia hakikisha tairi la akiba lina upepo na jeki inafanya kazi. Usivae nyeusi wala buluu iliyokolea. Mbung'o wa Tsavo hufuata rangi hizo.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo hata usiposimama popote njia itakuchukua saa moja na dakika kumi hivi. Panga saa moja na nusu, kwa kuwa tembo akisimama barabarani utamsubiri mpaka aondoke mwenyewe.

Ukifika, egesha palipotengwa na utafute askari wa KWS. Usianze kutembea bila yeye. Hatari kubwa hapa ni kiboko aliye nchi kavu, hasa ukijikuta katikati yake na maji. Usiku viboko hutoka kula majani na alfajiri hurudi majini. Wakati wa kiangazi majani ya karibu huisha, wakaenda mbali zaidi na kuchelewa kurudi. Ukame wa 2009 uliua viboko wengi wa Mzima kwa njaa ilhali maji yalikuwepo tele. Basi katika miezi mikavu, mwulize askari kama njia imeshakaguliwa asubuhi hiyo. Mamba nao wapo. Kaa hatua kadhaa kutoka ukingoni, mshike mtoto mkono, na usiinamie maji hata kwa kunawa tu. Usiyanywe vilevile, hata yakionekana safi kiasi gani: viboko hunya humo mchana kutwa.

Kinyesi hicho ndicho kinacholisha bwawa. Wadudu wa majini hukila, samaki wakala kinyesi na wadudu, kisha ndege aitwaye mnandi na mamba wakala samaki. Maji yenyewe asili yake ni mvua ya Milima ya Chyulu. Milima ile ni ya majivu na mawe ya volkano yenye matundu, haina mto hata mmoja wa kudumu. Mvua huzama, ikachujwa chini kwa chini, ikaibuka hapa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Sehemu yake hupelekwa Mombasa kwa bomba, hivyo mtu wa Mombasa huenda ameshakunywa maji ya Mzima bila kujua.

Anzia kwa viboko, maana asubuhi ndipo husogea zaidi. Kadiri jua linavyokolea hujibanza kwenye kivuli cha mikindu na miwale, ukabaki kuona pua na masikio. Chumba cha kutazamia chini ya maji kiache mpaka saa nne au saa tano, jua likiwa juu na mwanga unafika chini. Shuka ngazi polepole, kisha simama bila kusema kwa dakika kumi. Mwanzoni utaona kijani kitupu na utando wa mwani kwenye kioo. Macho yakizoea, kundi la samaki litajitokeza, halafu jingine nyuma yake. Usigonge kioo, watatawanyika. Kwa picha, zima flashi na ubandike lenzi ya simu kwenye kioo kabisa, vinginevyo utapiga sura yako mwenyewe. Kiboko kupita mbele ya kioo ni bahati. Usimngoje siku nzima.

Chakula kiache garini na milango ifungwe. Tumbili wa hapa wameshazoea watu na wanajua mfuko wenye ndizi. Usiwape chochote: tumbili aliyelishwa huanza kupora, na wa kwanza kung'atwa huwa mtoto.

Mzunguko mzima huchukua kama saa mbili, ukiacha muda wa kungoja jua lipande. Ukirudi kwa lango lile lile, ondoka Mzima kabla ya saa kumi alasiri, ubaki na muda wa kubadilisha tairi kabla lango halijafungwa saa kumi na mbili jioni.