Kumtambua nyota manyoya mwambani: tegemea mdomo, rangi iache

Wapiga mbizi ninaowafundisha huku Unguja, wakimwona mara ya kwanza, wengi hudhani ni mmea. Mikono yake imetanda kama makuti membamba, kajishikilia kwenye ncha ya tumbawe, ana rangi ya njano, nyeusi au nyekundu iliyoiva. Ni mnyama kamili, ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Faila yao, yaani kundi lao kubwa, ni moja, ekinodamata, ila yeye ngeli yake, kundi dogo ndani ya faila, ni krinoidi. Mimi humwita nyota manyoya, na yule ndugu yake wa kilindini mwenye shina humwita yungiyungi wa bahari. Ngeli nzima ina spishi hai zipatazo 600 tu, basi kila unayemjua kwa hakika ana uzito.

Hatua ya 1: Chagua saa na maji. Krinoidi hawindi, hula anacholetewa na mkondo. Mchana wengi hujikunja mashimoni, na jua likishazama hupanda juu ya mwamba na kufunguka. Shuka usiku na tochi, maji yakiwa yanatembea kidogo. Kwa anayeanza, siku za maji mafu ni bora. Mkondo wa bamvua hautakuacha utulie mahali pamoja. Usimguse. Mikono yake ina viungo maalumu vya kukatikia, ambavyo kwa lenzi nzuri huonekana kama mstari wa vitobo, na akishtuka huuachia mkono papo hapo. Utaota tena, lakini kwa gharama yake.

Hatua ya 2: Uliza habari za shina, kisha usizitegemee. Kwenye kina cha mpiga mbizi hutakuta krinoidi aliyekomaa mwenye shina. Hao huanzia kwenye mita 100 hivi, na wengi wako chini zaidi. Kwa hiyo wanafunzi huniambia: mwenye shina yungiyungi, asiye na shina nyota manyoya, kazi imekwisha. Haijaisha.

Mwaka 1827 John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyekuwa Cork, Ayalandi, alichapisha habari za yungiyungi mdogo sana aliyempata katika maji ya huko. Baadaye akagundua kwamba hakuwa spishi ya peke yake, bali mtoto wa nyota manyoya wa bahari ileile, ambaye leo tunamwita Antedon bifida. Lava, yaani mtoto aliyetoka kwenye yai, huogelea kwa muda, hujibandika chini, huota shina, kisha siku moja hujing'oa na kuliacha. Kila nyota manyoya unayemwona amepitia utoto wa shina. Na siku hizi vinasaba vimeonyesha kwamba baadhi ya wenye shina wa kilindini ni wa oda (kundi ndani ya ngeli) hiyohiyo ya Comatulida, pamoja na nyota manyoya wetu. Wengine, kama wale wa oda ya Isocrinida, wako mbali nao kidogo. Wala shina si kifungo: karibu na Bahama imerekodiwa video ya Neocrinus decorus akijiburuta kwa mikono juu ya mchanga, shina likifuata nyuma.

Hatua ya 3: Hesabu mikono, tazama vijiguu. Mikono huanza mitano, na kwa kawaida kila mmoja hugawanyika. Ikigawanyika mara moja utapata kumi. Ikiendelea, wapo wanaokaribia 200. Hesabu kwenye picha, hesabu ya majini hupotea. Kisha shusha tochi hadi chini ya mwili, penye vijiguu vyenye pingili anavyoshikia mwamba. Tropiometra carinata, ambaye yupo katika bahari yetu, ana mikono kumi minene yenye mgongo uliochongoka kidogo. Familia ya Colobometridae hujulikana kwa pingili za vijiguu vyao, ambazo nyingi zina matuta au miiba miwili ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 4: Tafuta mdomo. Hapa ndipo ninapotumia hewa yangu nyingi. Kaa juu yake na usubiri mikono ifunguke. Mdomo na njia ya haja viko upande mmoja, ule wa juu, kwa sababu utumbo wake umejipinda ukarudi ulikoanzia. Mdomo ukiwa katikati, una familia nyingi za kuchagua. Ukiwa umesogea pembeni na katikati pamesimama kijibomba cha haja, huyo karibu hakika ni wa familia ya Comatulidae. Thibitisha kwa vinyoya, vile vijitawi vya mikono, vilivyo jirani na mdomo: ncha zao zina meno kama kitana.

Hatua ya 5: Soma vinyoya. Vinyoya ndivyo vinavyopanga kila mkono pande mbili. Vimejaa vijirija laini vinavyonasa chembe za chakula kwa ute na kuzisukuma kwenye mfereji hadi mdomoni. Mayai na mbegu za kiume navyo huiva humo humo. Vile vilivyo karibu na mdomo huwa na umbo lao: vikiwa vigumu, vimesimama kama miiba kuuzunguka mwili, mfikirie nyota manyoya wa jenasi ya Stephanometra.

Hatua ya 6: Piga picha kabla ya yote. Hata ukiwa na kibali cha kuchukua sampuli, ukimtia kwenye alkoholi rangi humtoka na kuutia kimiminika rangi. Isitoshe, spishi moja yaweza kuwa na rangi kadhaa mwamba mmoja. Piga picha tatu: mwili kwa juu, vijiguu, na mkono mmoja kwa karibu. Angalia pia katikati ya mikono. Mara nyingi yumo Allogalathea elegans, jamaa mdogo wa kaa, aliyejichora mistari inayolingana na rangi za mwenyeji wake.

Halafu andika kile tu ulichokiona. Ukurasa wangu wa mwisho unasomeka hivi: «Comatulidae, mdomo pembeni, kitana kimeonekana, mikono zaidi ya 30, spishi bado.»